SANAMU YA MTU WA HADITHI
Mazungumzo kwa Watu wa Lodwar na Kakuma



Neno "sanamu" likitajwa, watu wengi hufikiri mara moja juu ya mfalme, au jemadari aliyepanda farasi, au kiongozi aliyelipigania taifa lake. Wengine hufikiri juu ya mambo ya dini, na katika mji wa Lodwar hilo si ajabu, kwa kuwa juu ya kilima kimoja imesimama sanamu kubwa ya Yesu aliyenyosha mikono, mfano wa ile iliyomalizika kujengwa Rio de Janeiro, nchini Brazil, mwaka 1931. Lakini iko namna ya tatu ya sanamu, ambayo haisemwi sana katika nchi hizi. Nayo ni sanamu ya mtu aliyetoka katika hadithi. Mtu huyo hana picha, wala hakuna aliye hai awezaye kusema alifanana na nani. Hata hivyo fundi humpa uso, watu wa mji humpa mahali pa kusimama, na wageni husafiri mwendo mrefu kuja kumtazama.

Jambo linalostahili kufikiriwa ni hili: Je, sanamu za namna hiyo zafaa nini? Na je, nchi ya Turkana inaye mtu wa hadithi astahiliye kupewa umbo, apate kuonekana na wote? Jawabu la swali la pili ni rahisi. Yuko, na jina lake ni Nayece. Swali la kwanza ndilo gumu, na kabla ya kulijibu yafaa kutazama wengine walifanyaje, maana aulizaye njia hapotei.

MTOTO ASIYEKUA

Katika mji wa London, Uingereza, iko bustani kubwa iitwayo Kensington Gardens. Mwandishi mmoja, Bwana J. M. Barrie, alizoea kutembea humo, na ndimo alimopata mawazo ya hadithi ya mtoto mwanamume aitwaye Peter Pan, aliyekataa kukua akawa mtu mzima. Mchezo wa kuigiza juu ya mtoto huyo ulionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1904, ukapendwa mno. Bwana Barrie akamwajiri fundi mashuhuri, Bwana George Frampton, atengeneze sanamu ya shaba ya mtoto huyo, akipiga zumari juu ya kisiki kilichozungukwa na wanyama wadogo.

Sanamu ilisimamishwa usiku, pasipo sherehe yoyote, ili watoto watakaokuja kucheza asubuhi ya tarehe 1 Mei 1912 waikute pale na kudhani imeota yenyewe. Watoto walifurahi. Watu wazima hawakufurahi wote. Wako waliouliza kwa nini mwandishi aruhusiwe kuitangaza kazi yake mwenyewe katika bustani ya watu wote. Tena Bwana Barrie mwenyewe hakuridhika kabisa na kazi ya fundi, kwa kuwa uso aliouona kwa macho ya moyo wake sio uso uliotoka katika shaba.

Hapo yapo mafundisho mawili. La kwanza ni kwamba mahali pa watu wote si mali ya mtu mmoja, hata akiwa yeye ndiye aliyelipa fedha. La pili ni kwamba kila msikilizaji wa hadithi amekwisha kuchora uso wa mtu wa hadithi hiyo katika fikira zake. Atakayetoa uso mmoja na kuuweka njiani, lazima awe tayari kuulizwa: "Nani amekuambia alikuwa hivi?"

BINTI WA BAHARINI

Mfano wa pili watoka Copenhagen, mji mkuu wa Denmark. Mwandishi Hans Christian Andersen alitoa mwaka 1837 hadithi ya binti wa baharini, nusu mtu na nusu samaki, aliyetamani kuishi nchi kavu pamoja na wanadamu, akaipoteza sauti yake kwa ajili ya tamaa hiyo. Miaka mingi baadaye, tajiri mmoja mwenye kiwanda cha bia, Bwana Carl Jacobsen, aliiona hadithi hiyo ikichezwa kwa ngoma ya jukwaani, akavutiwa, akaagiza sanamu. Fundi Edvard Eriksen akaitengeneza, na mwaka 1913 ikawekwa juu ya jiwe ukingoni mwa maji. Si kubwa. Kimo chake ni mita 1 na robo tu, na wageni wengi hushangaa wakiiona, kwa sababu sifa zake ni kubwa kuliko mwili wake.

Lakini sifa huleta adui pamoja na rafiki. Mwaka 1964 watu wabaya walikikata kichwa cha sanamu hiyo kwa msumeno, na kichwa hicho hakikupatikana tena. Mwaka 1984 ukakatwa mkono. Mwaka 1998 kichwa kikakatwa mara ya pili, na mwaka 2003 sanamu ikang'olewa juu ya jiwe lake kwa baruti. Kila mara wenye mji waliitengeneza upya. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, kalibu za fundi zilikuwa zimehifadhiwa vizuri. Pili, na hii ndiyo sababu kubwa, hakuna mtu wa Denmark asiyeijua hadithi yenyewe. Shaba ilikatwa, hadithi haikukatika. Kama hadithi ingalikuwa imesahauliwa, nani angalijali kumpa kichwa kipya binti wa shaba aliyekaa juu ya jiwe?

MAWE YA NAMORATUNGA

Haifai kudhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya tu. Msafiri atokaye Lodwar kwenda Kalokol, karibu na Ziwa Turkana, hukuta kando ya barabara nguzo za mawe meusi zipatazo 20, nyingine zimesimama wima, nyingine zimeinama kama watu waliochoka. Mahali hapo huitwa Namoratunga, yaani watu wa mawe. Hadithi inayosimuliwa na Waturkana ni kwamba hapo kale hao walikuwa watu wakicheza ngoma, akatokea pepo, wakamcheka, naye akawageuza kuwa mawe papo hapo. Hata leo wako wapitao njia ambao huokota kijiwe wakakiweka juu ya nguzo, ndipo wakaendelea na safari yao.

Sasa wataalamu wa mambo ya kale wamechimba na kupima. Mwaka 1978 wako walioandika kwamba nguzo za Namoratunga ziliwekwa kwa kufuata nyota, kiasi cha miaka 300 kabla ya kuzaliwa Kristo. Utafiti uliofuata umeonyesha kwamba nguzo za namna hii, upande wa magharibi wa ziwa, ni za kale zaidi: ziliinuliwa na wafugaji wa kwanza wa nchi hiyo, kati ya miaka 5,000 na 4,000 iliyopita. Mahali pengine pa namna hiyo, paitwapo Lothagam, habari zilizotolewa mwaka 2018 zilieleza kwamba chini ya mawe wamezikwa mamia ya watu, wakubwa kwa wadogo, wanaume kwa wanawake, wengi wakiwa na mapambo yao.

Jambo hili ni zito, na lastahili kutafakariwa polepole. Waliosimamisha mawe hayo walifanya kazi kubwa. Walibeba mawe mazito, wakayapanga, wakayasimamisha imara hata yakashinda jua na upepo wa maelfu ya miaka. Bila shaka walikuwa na maneno yao juu ya mawe hayo, na majina ya waliozikwa, na nyimbo. Mawe yamebaki, lakini maneno yote yamepotea, hata neno moja halikusalia. Waturkana walipoingia katika nchi hiyo, katika muda wa karne chache zilizopita, walikuta mawe yasiyokuwa na msemaji, nao, kama ilivyo tabia ya wanadamu, wakayapa hadithi mpya. Hadithi ya wacheza ngoma ni nzuri, na ni haki yao kuisimulia. Lakini si ile ya wenye mawe.

Basi anayedhani kwamba akisimamisha jiwe au shaba amekwisha kuihifadhi hadithi, na aende Namoratunga akajionee. Sanamu hudumu kwa ajili ya hadithi. Hadithi haidumu kwa ajili ya sanamu.

NAYECE NA FAHALI WA KIJIVU

Sasa tuje kwa Nayece. Hadithi yake husimuliwa kwa njia zaidi ya moja, lakini mifupa yake ni hii. Katika nchi ya Wajie, ambayo leo ni sehemu ya Karamoja katika Uganda, palikuwa na shida ya ukame. Fahali mmoja wa rangi ya kijivu, jina lake Engiro, alipotea. Aliteremka kutoka nchi ya juu akaelekea mashariki, akiufuata mto Tarach. Mwanamke aitwaye Nayece akazifuata nyayo za fahali huyo hata akafika bondeni, akakuta nchi yenye malisho na matunda ya mwituni, akakaa. Baadaye wakaja vijana waliotumwa kumtafuta fahali, wakamkuta Nayece na yale matunda aliyoyakusanya. Vijana waliporudi kwao walieleza waliyoyaona. Watu wengine wakaondoka na mifugo yao, wakaja kukaa bondeni, na hao ndio waliokuwa chanzo cha Waturkana.

Wako wasemao kwamba Nayece alikuwa mzee alipokutwa na vijana. Wako wasemao, hasa upande wa Wajie, kwamba alikuwa binti wa Orwakol, baba wa kabila lao. Bwana Mustafa Kemal Mirzeler, aliyeishi na watu hao na kuwasikiliza wasimulizi wao, ameandika kitabu kizima juu ya Nayece na Engiro, kilichotolewa mwaka 2014, na humo yaonekana wazi kwamba hadithi hii si mchezo wa kuwalaza watoto. Watu wa pande mbili za mpaka huitumia kueleza undugu wao, na kuombana malisho wakati wa njaa.

Tena Nayece anacho kitu ambacho Peter Pan na binti wa baharini hawakuwa nacho. Iko katika nchi ya Tarach mahali paitwapo Moru Anayece, yaani kilima cha Nayece, na wazee husema kwamba ndipo alipozikwa. Kwa hiyo neno "hadithi" likitumiwa juu yake lisichukuliwe kuwa na maana ya uwongo. Kwa wazee, yeye ni mama. Hapa yampasa kila mwenye kupanga mambo ya sanamu aende taratibu, na avue viatu kabla ya kuingia.

HADITHI KWANZA, SHABA BAADAYE

Mfano wa karibu zaidi uko Nairobi. Tarehe 18 Februari 1957 Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa msituni, alinyongwa kwa amri ya serikali ya kikoloni, akazikwa pasipojulikana. Sanamu yake ya shaba, kazi ya fundi Kevin Oduor, ilifunuliwa katika barabara iitwayo kwa jina lake tarehe 18 Februari 2007, siku ile ile miaka 50 baadaye.

Kimathi alikuwa mtu wa kweli, si mtu wa hadithi. Lakini yafaa kuuliza: Katika miaka hiyo 50 nani alimhifadhi? Hakuwa na kaburi la kuzuriwa. Alihifadhiwa katika midomo ya watu na katika nyimbo. Na mwaka 1976 Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo walitoa mchezo wa kuigiza juu ya hukumu yake, ambao ulimfanya kuwa mtu wa jukwaani pia, akasema mbele ya watu waliozaliwa baada ya kifo chake. Fundi alipokuja na shaba yake, alikuta mtu ambaye watu wamekwisha kumjua. Ndiyo maana sanamu ile ilipokelewa. Ingalikuja kabla ya maneno, ingalikuwa chuma tu katikati ya magari.

BINTI ATEMBEAYE

Upande wa Kakuma lazima utazamwe peke yake, maana mji huo una hali yake. Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, walipofika vijana wengi waliokimbia vita vya Sudan. Tangu hapo wamekuja watu wa Somalia, Ethiopia, Kongo, Burundi na nchi nyingine, na mwaka 2016 makao mapya yakafunguliwa Kalobeyei. Kila mmoja amekuja na hadithi za kwao. Je, wao wana sehemu gani katika mambo ya Nayece?

Kabla ya kujibu, yafaa kutaja sanamu ya ajabu iliyotembea. Mwaka 2017 ulionyeshwa mjini London mchezo wa kuigiza juu ya kambi ya wakimbizi iliyokuwa Calais, nchini Ufaransa. Katika mchezo huo alikuwamo mtoto mwanamke kutoka Syria, aitwaye Amal, jina ambalo kwa Kiarabu maana yake ni tumaini. Mchezo ulipokwisha, wenye mchezo hawakutaka Amal aishe pamoja nao. Mafundi wa chama cha Handspring cha Cape Town, Afrika Kusini, wakamtengeneza kwa umbo la mtoto mkubwa ajabu, mwenye kimo cha mita 3 na nusu, ambaye huendeshwa na watu kadhaa, mmoja wao akiwa ndani yake juu ya miguu ya mti. Katika mwaka 2021 Amal alitembea kutoka Gaziantep, nchini Uturuki, hata Manchester, Uingereza, safari ya kilomita zipatazo 8,000.

Mahali pengi alipokewa kwa nyimbo, na watoto walimshika mikono. Lakini si mahali pote. Katika mji wa Larissa, Ugiriki, wako waliomtupia mawe. Hapo yaonekana nguvu ya mtu wa hadithi akipewa mwili: wenye upendo humwonyesha upendo, na wenye hofu huionyesha hofu yao hadharani, na wote waliosimama kutazama hupata kujijua.

Jambo la pili la kukumbukwa ni kwamba Amal hakutengenezwa kwa shaba. Mtu aliyetembea katika hadithi alipewa mwili wa kutembea. Laiti angalifungwa juu ya jiwe, angalikuwa si Amal tena.

LINALOFAA KUFIKIRIWA TURKANA

Sasa jibu juu ya Kakuma. Mji huo umejengwa kando ya mto Tarach, mto ule ule ambao Nayece aliufuata. Naye alikuwa nani alipofika? Alikuwa mgeni. Alitoka mbali kwa sababu ya ukame, hakuwa na ng'ombe ila nyayo za ng'ombe, akala matunda ya mwituni. Mama wa Waturkana mwenyewe alikuja kama wanavyokuja wakimbizi, kwa miguu, akiwa na njaa. Tena alipokuja mwingine, hakumfukuza. Hadithi hii ikisimuliwa shuleni Kakuma, mtoto wa Turkana na mtoto wa Sudan Kusini wanaweza kukaa benchi moja wakaisikia, na kila mmoja akaona kwamba yamhusu. Si jambo dogo, mahali ambapo kuni, maji na malisho vimekuwa sababu ya ugomvi kati ya wenyeji na wageni.

Upande wa pili ni mpaka wa Uganda. Waturkana na ndugu zao wa Karamoja wamenyang'anyana mifugo kwa miaka mingi, na damu imemwagika. Hata hivyo wamejua pia njia ya kupatana. Mwaka 1973 Waturkana na Wamatheniko waliapa mapatano huko Lokiriama, silaha zikafukiwa ardhini, na kumbukumbu ya mapatano hayo huadhimishwa mahali pale. Mwezi wa Septemba mwaka 2019 serikali za Kenya na Uganda zilitia sahihi mapatano mengine ya amani ya mpakani, mjini Moroto. Tena katika sherehe za Tobong'u Lore, ambazo zimewakusanya Lodwar watu wa jamii za Ateker kutoka nchi jirani, jina lenyewe lina maana ya kurudi nyumbani. Kwa hiyo sanamu ya Nayece haiwezi kuwa ya Waturkana peke yao. Wajie nao watauliza, na wana haki ya kuuliza.

Basi ikiwa wakati utafika wa kumpa Nayece umbo, mambo manne yafaa kutangulizwa.

La kwanza, hadithi ikusanywe kabla ya saruji. Kila mwaka wazee kadhaa hufa, na kila mmoja huzikwa na namna yake ya kusimulia. Vijana wenye simu za mkononi wanaweza kunasa sauti ya bibi au babu kwa muda wa saa moja, kwa Kiturkana chenyewe, pamoja na nyimbo na majina ya mahali. Namna zote ziwekwe, hata zile zisizopatana, maana hitilafu ya wasimulizi ni sehemu ya mali. Kazi hiyo haina gharama kubwa, na ikikosekana hakuna fedha itakayoinunua baadaye.

La pili, wazee waulizwe, wa pande zote mbili za mpaka. Waulizwe kama inafaa kumpa Nayece uso, na kama yafaa, wapi. Wakisema kwamba Moru Anayece paachwe kama palivyo, paachwe. Kaburi si kiwanja cha maonyesho. Lodwar ni mji mkubwa, na Kakuma vilevile. Hapakosekani penye kivuli ambapo watu hukutana bila kuwasumbua waliolala.

La tatu, kazi ifanywe na mikono ya watu wenyewe. Waturkana ni wachongaji tangu zamani. Kigoda cha kichwa kiitwacho ekicholong, na vyombo vya mti vya maziwa, ni kazi ambazo majumba ya makumbusho ya nchi nyingi yameziweka kwa heshima. Wanawake wa kando ya Turkwel husuka vikapu vizuri kwa majani ya mkoma. Na kati ya wakimbizi wamo wachongaji na wasusi wa nchi zao. Sanamu iliyoagizwa kutoka mbali, ikaletwa kwa gari na kufunikwa kitambaa, itapigwa picha siku moja. Ile ambayo mama fulani anajua kwamba mkono wake wa kushoto aliusuka yeye, italindwa na mama huyo na watoto wake.

La nne, vifaa vifikiriwe vizuri. Jua la Lodwar hupasua mti na kubambua rangi. Mito ya msimu, ile iitwayo laga, hujaa kwa saa moja na kuchukua kilichojengwa chini ya ukingo. Shaba huwavutia wauzao vyuma vikuukuu. Kwa sababu hizo, na kwa sababu ya mfano wa Amal, yawezekana njia iliyo bora si sanamu ya kusimama hata kidogo. Nayece alikuwa mtembeaji. Umbo jepesi la fito na majani ya mkoma, lililosukwa na wenyeji na wageni pamoja, laweza kuchukuliwa wakati wa sherehe kutoka Kakuma hata Lodwar, mwendo wa kilomita zipatazo 120, likipumzika njiani kwenye shule na penye visima, na kila lipumzikapo mzee wa mahali pale aisimulie hadithi kwa namna yake. Umbo hilo likichakaa, lisukwe jingine. Hasara ya kuchakaa kwake ndiyo faida, kwa kuwa kila asukaye upya hulazimika kuuliza tena: Nayece alikuwa nani? Alivaa nini? Alibeba nini? Na ulizo hilo ndilo linaloiweka hadithi hai.

Wako watakaosema kwamba katika nchi yenye ukame, fedha na nguvu zote ziende katika maji na chakula. Neno hilo ni la haki, na hakuna mtu mwenye akili atakayetaka shaba kabla ya kisima. Lakini ikumbukwe kwamba hadithi ya Nayece yenyewe ni habari ya ukame. Yaeleza jinsi watu walivyohama, walivyokula, walivyopata malisho mapya, na kwa nini ndugu aliye ng'ambo ya mlima asiombwe kwa mkuki. Wafugaji hawakuihifadhi muda wote huo kwa sababu ya anasa. Waliihifadhi kwa sababu iliwafaa siku za shida.

Waliosimamisha mawe ya Namoratunga walikuwa na nguvu kuliko wengi, lakini hawakuacha msimulizi. Watu wa Turkana bado wanao wasimulizi, Lodwar, Kakuma, Lokiriama na kila penye moto wa jioni. Kazi ya sanamu yaweza kungoja mwaka, au miaka 10. Kazi ya kusikiliza haingoji. Basi kila mwalimu awape wanafunzi wake kazi moja wakati wa likizo: waende kwa babu na bibi zao, waulize habari za Nayece na fahali wa kijivu, waandike watakayoambiwa, pamoja na jina la msimulizi na mahali aliposimulia, wayalete shuleni. Mtoto wa mkimbizi naye alete hadithi ya safari ya bibi yake. Daftari hizo zikijaa, fundi atakayekuja atakuwa na mahali pa kuanzia.